Siku Mtakatifu Mauro Alipomwinamia Meya

Kwetu Serrafosca Mtakatifu Mauro haamkii watu ovyo. Ni sanamu ya mti mgumu, nzito kuliko ng'ombe wawili, yenye ndevu ndefu, fimbo mkononi, na uso wa mzee aliyeamshwa usingizini kwa jambo la kipuuzi. Kila Septemba wachukuzi wake humtoa kanisani juu ya machela, mabegani, na kumzungusha mji mzima, ngazi juu ngazi chini, hadi shingo zao ziwe nyekundu kama pilipili. Mbele yao hutembea mkuu wa wachukuzi na nyundo ndogo ya mbao. Akiigonga machela mara moja, wanasimama. Akigonga mara mbili, wa mbele wanapiga magoti na Mtakatifu anainama.

Wala hainami popote. Anainamia mlango wa nyumba iliyofiwa mwaka ule, basi. Ni pole yake. Akishainama, kengele hugonga pigo moja la msiba, wanaume huvua kofia, na kwa siku tatu majirani hupeleka chakula, kwa kuwa nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Awe tajiri, awe mchunga mbuzi, pole ni ile ile. Mambo haya kwetu hayafundishwi. Mtoto anayajua kabla ya kujua kuvaa viatu.

Mwaka ule mwenye nyundo alikuwa Canio Lopardo, mhunzi, mtu mpana mwenye nyusi zilizoungua kwa cheche, ambaye akinyamaza watu hudhani amekasirika na akikasirika watu hudhani amelala. Nyundo aliirithi kwa baba yake. Na mwaka ule Canio alikuwa na jambo moja tu kichwani, usiku na mchana, akipiga chuma na akila supu: mwanawe Egidio.

Egidio alikuwa kinyozi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Watu walikwenda kunyolewa hata kama ndevu hazijaota, ilimradi wamsikie. Sasa, ilikuwa amri ya chama cha mashati meusi, kilichotawala nchi, kwamba kila duka litundike picha ya Kiongozi wa Roma, yule aliyesimama daima kwa kidevu mbele kana kwamba amekitanguliza kikaulize njia. Mteja mmoja akamuuliza Egidio angefanyaje kama kidevu kile kingeletwa kwenye kiti chake. Egidio akaitazama picha, akatazama wembe, akasema, "Kile hakinyolewi. Kile kinalimwa."

Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu mgambo wenye mashati meusi walikuja, na hakimu mmoja asiyecheka akampeleka kisiwani kukaa chini ya ulinzi miaka mitatu. Mdomo uliponza kichwa. Sasa mwaka wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha. Mama yake, Nunziata, alikuwa bado anamwekea sahani mezani, na Canio alikuwa bado hajathubutu kumwambia aiondoe.

Aliyetia sahihi hati za kumpeleka alikuwa Meya. Zamani Serrafosca tulikuwa tukimchagua meya wetu wenyewe, tena kwa ugomvi mtamu, watu wakipigana makonde nje ya ukumbi na kunywa pamoja jioni. Chama kilipotawala kikafuta uchaguzi, kikatuletea meya kama mtu anavyoletewa kifurushi ambacho hakukiagiza. Wetu aliitwa Ottorino Bassetti, alitoka kaskazini, na alikuwa mfupi mwenye buti ndefu. Alipenda roshani ya jumba la chama kuliko chumba chake cha kulala. Alisimama pale mikono kiunoni hata uwanjani pakiwa na kuku tu. Kila Jumamosi alitupanga mistari, wazee kwa vijana, tukapiga kwata kwa fimbo za mifagio. Vita vya Uhabeshi vilipoanza, aliwaamuru wanawake watoe pete zao za ndoa zikayeyushwe kwa ajili ya taifa. Nunziata alitoa pete ya pazia, akapewa shukrani mbele ya watu.

Bassetti alifika kwetu siku chache tu kabla ya sikukuu ya mwaka uliotangulia. Aliona Mtakatifu akiinama mbele ya jumba la Baroni, ambaye mama yake alikuwa amefariki majira ya baridi. Akaona akiinama kwa daktari, aliyefiwa na baba. Akaona watu wakivua kofia. Kwa akili yake akaamua kwamba hiyo ni heshima ya wakubwa, na jumba la chama likapitwa kama zizi. Akaumia moyo mwaka mzima. Na hakuna aliyemwambia ukweli, maana katika mji ule ilikuwa hatari kumwambia Meya hata kwamba mvua inanyesha. Mtu akishaziba midomo ya watu, asilalamike kwamba hakuambiwa.

Wiki mbili kabla ya sikukuu akamwita Canio ofisini. Alimweleza kwamba mwaka huu mkubwa wa chama wa mkoa atakuja kutazama, na kwamba Mtakatifu atasimama chini ya roshani na kumwinamia yeye, Meya, mbele ya mgeni. Canio akaanza kusema kwamba kule kuinama, Bwana Meya, si jambo la... Meya akainua mkono. Amri hutekelezwa, haijadiliwi. Canio akajaribu tena, akasema kwamba desturi yenyewe maana yake ni... Meya akagonga meza. Akajaribu mara ya tatu, jasho likimtoka kuliko mbele ya tanuru, na Meya akamwambia kwamba akisikia neno jingine moja la maelezo, kijana wake atamaliza miaka mitatu na kuongezewa mingine.

Kisha akalainika, na alipolainika alitisha zaidi.

"Fundi, mimi si mtu mbaya. Mtakatifu akiniinamia, siku inayofuata naandika mwanao arudishwe. Kalamu hii hapa. Mimi nakupa mwana, wewe unanipa heshima. Mbona rahisi?"

Sikio la kufa halisikii dawa, Canio alijisemea, na papo hapo akajilaumu kwa kuwaza methali kama ile juu ya mtu ambaye pengine yeye ndiye angemzika.

Maana Canio aliamini. Tusimcheke. Tangu utotoni hakuwahi kuona nyundo ikigonga mara mbili bila kuwapo maiti. Kwake ilikuwa sawa na kumfunika mtu sanda akiwa bado anakula. Akaenda kwa Padri Gerardo, mzee mnene aliyeungamisha mji mzima na kwa hiyo hakushangazwa na chochote. Padri akamsikiliza huku akimenya tini, akamwambia shingo ya Mtakatifu ni ya mti na shingo ya Egidio ni ya nyama, achague mwenyewe ipi ipinde. Wachukuzi nao walibishana karakanani hadi moto ukazima. Tufaro mwashi alisema bora avunjike bega kuliko kumpigia goti shati jeusi. Nunziata, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu, ndiye aliyemaliza ubishi.

"Baba Egidio, hukumtuma mtu aombe pole ya msiba. Ameiomba mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu. Mpe."

Siku ya sikukuu ilipambazuka na jua zuri, bendi ikapuliza, mbuzi wakakimbia. Mtakatifu Mauro alianza kwa mlango wa Rosina Grieco, ambaye mwanawe Vituccio alikufa Uhabeshi, nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua iko upande gani wala walitukosea nini watu wake hadi tuwafuate kwao. Meya alitaka kuhutubu pale juu ya shujaa. Rosina alisubiri nyundo igonge, akainamisha kichwa mbele ya Mtakatifu, kisha akaingia ndani na kufunga mlango Meya akiwa ndiyo kwanza anasafisha koo. Canio aliondoka pale akiona haya. Kutoka mlango ule kwenda roshani ile, njia haikuwa ndefu, lakini aliitembea kwa hatua fupi.

Wakafika uwanjani. Meya alikuwa ameshawatangulia na kupanda juu, mkono umenyooshwa mbele kwa salamu ya chama, kifua kimejaa medali alizojinunulia. Kando yake mke wake, Bibi Clotilde, mama mpole mwenye kofia kubwa, na yule mkubwa wa mkoa mwenye miwani. Canio akagonga mara moja. Wachukuzi wakasimama. Kelele zote zikakoma, hata bendi, mpiga tarumbeta akiwa amebaki na mashavu yamejaa upepo. Canio akamwomba Mungu msamaha, akagonga mara mbili.

Mtakatifu akainama. Na pale, ndugu zangu, desturi ikafanya kazi yake bila kusubiri mtu. Mpiga kengele, aliyekuwa mnarani na hakujua lolote ila kwamba Mtakatifu ameinama, akaigonga kengele ya msiba. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Na Shangazi Filippa, ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyekuwa akialikwa kulilia maiti wa mji huu, akasikia kengele, mdomo ukamfunguka wenyewe, na kilio kikamtoka kirefu chenye mapambo yote. Yatima wa watu, aliimba. Nani sasa atatupanga mistari. Umetuacha na buti zako mlangoni.

Yule mkubwa wa mkoa akaondoa miwani, akafuta macho. Alimshika Meya bega, akamwambia kwamba amezunguka nchi nzima na hajaona watu wanaompenda kiongozi wao namna hii. Gazeti la chama likaandika hivyo hivyo siku iliyofuata, kwamba Serrafosca watu walilia kwa mapenzi. Meya alilikata gazeti akalitia fremu.

Asubuhi hiyo hiyo ya gazeti Canio alikwenda ofisini, kofia mkononi, kukumbushia ile kalamu. Alimkuta Meya akipigilia msumari ukutani. Meya hakugeuka hata kidogo. Alisema jambo la Egidio linahitaji kufikiriwa, kwamba haraka haina baraka, kwamba Mtakatifu akiinama tena vizuri mwakani wataona. Canio akabaki anaangalia ile shingo fupi. Akasema ahsante, Bwana Meya. Akateremka ngazi.

Karakanani aliwakuta watu wamemsubiri. Walikuwa na swali, na walilizungukia kwa adabu kabla ya kulifikia. Shangazi Filippa ndiye aliyelitoa. Walitaka kujua kama jambo la jana lilikuwa la kweli au la kupita, kwa sababu kama ni la kweli, siku tatu zimeshaanza na hakuna aliyepeleka hata mkate. Si vizuri. Watatuonaje?

Canio angeweza kusema ilikuwa heshima tu, na hadithi ingeishia hapo. Mwenyewe baadaye alikiri kwamba neno lile lilishafika ulimini. Lakini akilini alimwona Meya na msumari wake, akaiona sahani ya mezani.

"Nyundo iligonga mara mbili," akasema. "Mlisikia wenyewe."

Watu wakatazamana, wakaenda kuwasha meko.

Saa sita mchana chakula cha kwanza kilibisha hodi kwa Bibi Clotilde: supu ya kuku jike mzee, tambi zilizofinyangwa kwa vidole, pilipili kavu za kukaanga, jibini mbili zimefungwa kamba. Alifurahi, maskini, kwa kuwa tangu waje hakuna mwanamke aliyekanyaga pale. Wakaingia watano, wakaingia kumi, wote nguo nyeusi, wakakaa naye na kumshika mikono. Walimwambia ajikaze. Walimwambia wote njia ni hiyo. Mmoja alimuuliza kama aliteseka. Bibi Clotilde alidhani wanamwonea huruma kwa kuishi na mume wake, akaona wanawake wa Serrafosca wana maono ya ajabu, akaanza kulia na kuwaeleza mambo ya miaka ishirini. Meya mwenyewe alipita sebuleni kutafuta miwani yake. Wanawake wakanyanyuka nusu, wakajipiga msalaba, wakasubiri apite, wakaendelea.

Jioni Shangazi Filippa alipoaga na kusema Mungu amrehemu, Bibi Clotilde akauliza amrehemu nani. Shangazi akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni namna ya kufungua lango. Bibi Clotilde akauliza kama ile supu kesho italetwa tena, na siku ya pili alivaa nyeusi. Wageni walipofika alisema, "Alikuwa mtu wa haraka haraka," na wote wakaona jinsi ile "alikuwa" ilivyomkaa vizuri.

Meya alipoambiwa alicheka. Kisha akafoka. Kisha akatoka nje awaonyeshe, na huko ndiko kulikommaliza nguvu. Kila alipopita kofia zilivuliwa, macho yakatazama chini. Hakuna aliyekosa adabu. Alinunua sigara, muuzaji akaziweka mezani, akarudi nyuma, akatazama pembeni hadi ziondoke. Alimkaripia seremala, seremala akageuka akamwambia mkewe kwamba upepo wa leo una baridi. Mazungumzo yakamhusu yeye akiwa amesimama katikati. Marehemu hakuwa mbaya sana, watu walisema, ila hakusikia la mtu. Marehemu alipenda roshani. Jumamosi akaita kwata. Hakutokea mtu hata mmoja, na sajini wa mgambo, mtoto wa Serrafosca mwenye shati jeusi lakini mama yake ni wetu, akasimama mbele yake akikwaruza ardhi kwa buti.

"Samahani, Bwana Meya, tarumbeta haipigwi mtaa wenye msiba. Mama ameniambia nikiipiga nisirudi nyumbani."

Afanye nini? Kuwakamata? Kwa kosa gani, la kupeleka supu? Kuandika mkoani? Angeandika kwamba watu aliosifiwa gazetini kwa kumpenda walikuwa wakimzika, na kwamba yeye ndiye aliyeomba? Wenzake katika chama wangemcheka hadi Roma, na katika chama kile mtu alisamehewa wizi na ukatili, lakini hakusamehewa kuchekesha. Ukubwa jaa. Akajifungia. Akaanza kukohoa. Usiku, mke wake alitusimulia, alikuwa akijishika mshipa wa mkono kuhakikisha.

Mwisho wa mwezi akamwita Canio. Hakuwa tena na mikono kiunoni. Alimwambia amemzika akiwa hai. Canio akajibu kwamba alijaribu kumweleza mara tatu, na mara tatu alikatazwa. Meya hakulibishia hilo. Akamtaka aondoe kile alichokifanya. Canio akafikiri, na alichokisema kilikuwa kweli tupu, hakubuni hata chembe: kuinama hakurudishwi. Ila palikuwa na mmoja, baada ya Vita Kuu, Rocco Tancredi, ambaye mlango wake uliinamiwa kwa sababu serikali ilisema ameuawa milimani. Miaka miwili baadaye akaingia kwa miguu kutoka kifungoni Austria, na mama yake akazimia. Siku ile Mtakatifu alitolewa kanisani nje ya msimu. Mwenye nyundo, baba yake Canio, aligonga mara tatu, na wachukuzi wakamnyanyua Mtakatifu juu ya vichwa, mikono imenyooka. Hivyo ndivyo mtu anavyorudishwa katika hesabu ya walio hai.

"Basi ninyanyulieni. Jumapili hii."

"Mtakatifu hatoki mpaka mtu wetu arudi kutoka mbali. Wewe Bwana Meya hukwenda popote."

"Nikiwalazimisha?"

"Watamnyanyua. Watu watasema marehemu amejifufua mwenyewe. Na aliyewahi kufanya hivyo ni mmoja tu, na Padri atakuuliza kama unajilinganisha."

Meya akaenda dirishani. Akauliza, bila kugeuka, ni nani hasa walioko mbali. Canio akasema wako wengi, Argentina, Brazili, migodi ya Ubelgiji, lakini hao hawarudi kwa amri ya mtu wa hapa.

"Aliyeko mbali kwa sahihi yako ni mmoja. Akirudi huyo, Mtakatifu atatoka, na nitakugongea na wewe."

Meya akageuka sasa. Akamtazama mhunzi kwa muda, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu anayemtazama mtu.

"Wewe mjanja, Fundi."

"Mimi ni baba."

Simu ya maandishi iliondoka siku hiyo hiyo. Meya alisema kijana ametubu na taifa lina haja ya vinyozi.

Egidio alifika siku ya Alhamisi kwa gari la posta. Nunziata alimshika uso kwa mikono miwili akasema amekonda. Koti lilimning'inia. Majirani wote walijazana jikoni, kwa kuwa habari ilikuwa nzuri mno, na wa kusimuliwa alikuwa nani kama si yeye, na kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kuona anavyocheka. Wakamweleza yote, wakinyang'anyana: roshani, kengele, kilio cha Shangazi Filippa, supu, tarumbeta. Egidio alisikiliza akiwa ameshika kijiko. Mdomo wake ulianza kutetemeka pembeni, na watu wakanyamaza wasubiri.

Egidio akanyanyuka. Akaenda dirishani, akachungulia kushoto na kulia, akalifunga. Kisha akacheka, kidogo, kiganja kikiwa mdomoni.

Wageni wakakumbuka mifugo yao, wakaaga mmoja mmoja. Canio alikwenda karakanani, akakaa kwenye fuawe kwenye giza la jioni, na akalia. Alikuwa amempigia goti shati jeusi ili apate mwana, na aliyeletewa alikuwa mtu anayefunga madirisha.

Jumapili Mtakatifu Mauro akatoka. Canio hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, hata kwa yule. Chini ya roshani akagonga mara tatu, Mtakatifu akanyanyuliwa juu ya vichwa, na Meya Bassetti akarudi duniani mbele ya watu wote. Kofia zikavaliwa. Mji mzima ulishusha pumzi kwa huzuni, maana yalikuwa mapumziko mazuri. Bibi Clotilde pekee ndiye aliyelia. Meya hakuwa hata amemaliza kutabasamu alipotangaza kwata ya Jumamosi, tena mapema kuliko zamani.

Kisha machela ikaingia mtaa wa wahunzi. Nunziata alikuwa mlangoni na leso, na karibu naye Egidio, katika lile koti, mgongo umegusa ukuta. Macho yake hayakuwa kwa Mtakatifu. Yalikuwa kwa sajini wa mgambo aliyefuata nyuma ya bendi. Canio akagonga mara moja. Wakasimama. Akainua nyundo tena, na watu wote wakainua nyuso.

Nyundo haikushuka.

Tufaro, bega likimuuma, akamwuliza kwa sauti ya chini kulikoni. Nunziata akamwambia agonge, kwani mwanawe si huyu hapa? Canio akamtazama Egidio, akatazama yale macho yaliyokuwa yakitafuta mgambo, na akasema kile alichokiona.

"Bado. Huyu bado yuko kisiwani."

Akawaashiria wachukuzi waendelee. Walidhani hawakusikia vizuri, lakini kwetu mwenye nyundo habishiwi, wakatia mguu mbele. Mtakatifu Mauro akaanza kuupita mlango wa mkuu wa wachukuzi wake. Nunziata aliziba mdomo kwa leso. Fimbo ya Mtakatifu ikapita, ndevu zikapita, na Canio akawa anatembea mbele bila kuona njia.

"Baba!"

Ilikuwa sauti ile ya kinyozi, ile ya zamani, iliyokuwa ikivuka uwanja bila juhudi. Canio akageuka. Egidio alikuwa ametoka ukutani, amesimama katikati ya njia, amempa mgambo mgongo.

"Yule mlimfufua bure, tena alikuwa marehemu mzuri sana. Mimi niliyerudi nikiwa hai unanipita?"

Mtaa mzima ulisikia. Sajini alisikia, akaanza kuikagua tarumbeta yake kwa makini. Na roshani haikuwa mbali. Canio akagonga nyundo mara tatu, na ya tatu ikavunja mpini.